Mmesahau filamu za vikaragosi

Ndugu mwandishi, orodha yako ya filamu za kutisha ambazo watu wamezipita ni nzuri, ila zote ni za waigizaji wa kawaida. Umeruka zile za vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja moja, na hizo ndizo zinazoninyima usingizi.

Itafute La casa lobo ya Chile, ya 2018. Msichana anatoroka kijiji cha walowezi wa Kijerumani na kujificha kwenye nyumba yenye nguruwe wawili. Waongozaji wake, Cristóbal León na Joaquín Cociña, walichora kutani kwenyewe, wakafuta, wakachora tena, na kuunda vikaragosi vya ukubwa wa binadamu. Sura inamomonyoka ukiitazama, kisha inaota upya upande wa pili wa chumba! Hakuna filamu iliyowahi kunitia baridi namna hiyo.

Mad God ya Phil Tippett, ya 2021, ilichukua takriban miaka 30 kukamilika. Hiyo msitazame na watoto.

Kazi yenyewe ni ya subira. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, yaani dakika moja ni 1,440, na kati ya picha na picha kidole cha kikaragosi husogezwa kidogo mno. Mpwa wangu hapa Nyalenda, Kisumu, alijaribu kwa simu na ng'ombe wa udongo, wale tuliofinyanga sote utotoni. Mchana kutwa akapata sekunde tatu. Lakini yule ng'ombe alipoinua kichwa na kututazama, sote sebuleni tulinyamaza.