Safu ya "Hapana" Hainiridhishi

Mshiriki wa utafiti wetu wa kusisimua ubongo kwa sumaku alinirudishia fomu ya mchujo wa usalama hata kiti sijakiweka sawa. Maswali yote alikuwa ameyajibu kwa mstari mmoja wa kalamu, ulioteremka kwenye safu ya "Hapana" kutoka juu hadi chini. Nikamwambia, "Kaka, hebu tukae tuzungumze kidogo." Umewahi kuzirai? Hajawahi. Hata siku ya kutolewa damu? "Ah, hapo nilianguka. Mara mbili. Lakini ule si ugonjwa."

Siku ile hatukumsisimua ubongo. Kuzirai zamani si lazima kumfungie mtu mlango, lakini katika kazi hii watu huzirai mara nyingi zaidi kuliko wanavyopata degedege, na anayezirai akiwa ameketi anaweza kuumia.

Tangu Anthony Barker na wenzake walipoonyesha mbinu hii Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, uzuri wake umekuwa ule ule: koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa, uga wa sumaku unaoweza kufikia tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hupenya fuvu kwa kufumba na kufumbua, na seli za ubongo huitika bila kisu wala sindano. Lakini uga huo hauchagui. Ukikuta kipande cha chuma kichwani, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, unaweza kukipasha moto, kukisogeza au kukiharibu. Ndiyo maana tunauliza habari za upasuaji, na hata za cheche za chuma zilizowahi kumwingia mtu jichoni.

Degedege ni nadra. Hata hivyo, kukesha, pombe, na dawa kama klozapini (ya maradhi ya akili) au bupropioni (ya sonona) huusogeza ubongo karibu nayo. Fomu iliyotiwa saini Jumatatu haijui mtu alilala saa ngapi Jumatano usiku, kwa hiyo mimi huuliza upya kila kikao, hata kama mshiriki amenichoka.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyouliza. Neno "kifafa" limebeba aibu nzito, na wengi watalikana papo hapo. Muulize kama aliwahi kuanguka na kukakamaa, kuuma ulimi, au kuzinduka asijue yuko wapi, naye atakusimulia. Swali la mimba nalo huulizwa mbele ya watu, kisha tunashangaa kwa nini dada wa watu kajibu haraka haraka.

Halafu kuna posho. Anayelipwa akipita tu, na kuondoka mikono mitupu akikataliwa, tumempa sababu ya kutuficha. Siku ya mchujo ilipwe kama siku ya kipimo, apite asipite. Bajeti ya utafiti iandikwe hivyo tangu mwanzo.

Yule kaka alirudi wiki iliyofuata, daktari wa utafiti akiwa ameshapitia habari zake. Alikuwa amekula, tukamlaza badala ya kumketisha, akaziba masikio kwa sababu mlio wa koili ni mkali. Kabla sijawasha mashine nikamuuliza tena amelala saa ngapi.