Sijapandisha, Nilikuwa Navuta Pumzi

Kabla hamjaendelea kutumiana ile klipu ninayonguruma uani, mkidai nimepandisha: sina shetani. Ngoma mnayoisikia Kombo kaipachika mwenyewe, na pale mwanzo nilipokaa kama mtu mwenye akili zake kapaondoa.

Mnanijua. Nikila wali mchana, mwili umekwisha mpaka magharibi. Ndiyo nikaanza yoga, kila alfajiri uani, hapa hapa Ngamiani. Wahindi wanasema pumzi hubeba nguvu ya uhai, prana, ukiizoesha kila siku mwili unachangamka. Na nimechangamka kweli. (Wewe unayecheka, Umoja wa Mataifa wanaiadhimisha kila 21 Juni tangu 2015, na sijasikia mtu kafukizwa ubani New York.)

Jana ilikuwa zamu ya simhasana, mkao wa simba. Unapiga magoti, unakalia visigino, viganja magotini, vidole umevitanua. Unavuta pumzi kwa pua. Halafu unatoa macho, unatoa ulimi mpaka kidevuni, unaachia: haaaa!

Haaaa ya kwanza, kuku wakatawanyika. Ya pili, nikasikia ndoo inaanguka. Ya tatu macho yametoka, ulimi uko kidevuni, na mbele yangu kasimama Bibi mwenye nyumba na kanga yake kifuani. Ningefunga mdomo yangeishia hapo. Lakini mwalimu wa kwenye simu kasema pumzi haikatishwi njiani, basi nikammalizia Bibi haaaa yote, usoni.

Hakukimbia. Aliingia ndani taratibu, akatoka na chetezo. Ubani ukanizunguka kichwa. Akachuchumaa kwa adabu ambayo mimi mpangaji sijawahi kuionja, hata mwezi ule niliowahisha kodi.

"Karibu, mkubwa. Jina lako nani?"

Nikataka kusema, "Bibi, hii simhasana." Hebu litamkeni nyie, ulimi nje, moshi kooni.

"Simba Hassani!" Bibi akapaza sauti. "Jamani tokeni, anaitwa Simba Hassani!"

Milango yote ya ukumbini ikafunguka. Kombo, rafiki yangu wa damu, akatoka na simu imeshawashwa.

"Unataka nini, Simba Hassani?"

Nikakohoa: "Maji."

Akachukua mrashi. Marashi yote, mpaka tone la mwisho, ndani ya macho niliyoyatoa kwa maelekezo ya mwalimu. Ile ngurumo mnayoisikia siyo yoga. Ile ni marashi.

Nikaoshwa macho, nikaeleza, hakuna aliyenisikiliza. Jioni ikaletwa sinia ya halua na kahawa ya Simba Hassani, nikala kwa niaba yake. Leo hata mkeka sijatandika, jirani wa chumba cha mbele kabisha hodi: hereni zake zimepotea, anaomba mkubwa amtazamie. Nikamwambia mkubwa kaenda Pemba, harudi mpaka Ijumaa.

Akasema hewala, Ijumaa atakuja na kuku.