Kumpoza mtoto aliyekosa hewa: Lamu ianzie wapi?

Mtoto akizaliwa halii, kalegea, huenda ubongo wake ushaanza kuumia kwa kukosa hewa. Balaa haliishii hapo. Moyo ukirudi kupiga vizuri, hupita saa kadhaa za nafuu, kisha uharibifu huja mara ya pili, mara nyingi na degedege. Tiba ya kupoza hulenga nafasi hiyo ya katikati: ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa mtoto hushushwa joto hadi nyuzi 33 au 34 za Selsiasi, hukaa hivyo saa 72, kisha hupashwa polepole. Majaribio yaliyochapishwa tangu 2005 katika nchi tajiri yalionyesha kuwa inapunguza vifo na ulemavu. Ndiyo maana wapo wanaouliza: mtoto wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, anyimweje kinachomwokoa mtoto wa London?

Swali ni la haki. Ila 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la HELIX, lililohusisha watoto 408 katika hospitali kubwa za India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31. Na hizo si zahanati. Zina vyumba vya uangalizi maalumu.

Watetezi wa kupoza hujibu kwamba huenda wengi wa watoto wale waliumia kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo tiba iliwakuta imechelewa. Hoja nzito, lakini kwetu inawageukia wenyewe. Mama anashikwa na uchungu Pate usiku, maji yamekupwa, mkondo wa Mkanda, njia ya boti kwenda Lamu, haupitiki vizuri, na nje kusi linachafua bahari. Wanasubiri maji yajae. Akijifungulia hospitali ya King Fahd, Lamu, alfajiri, saa 6 za daktari ndiyo kwanza zinaanza. Za ubongo zilianza usiku.

Wengine husema mashine si lazima, mtoto aachwe wazi tu apoe. Hapo sikubaliani kabisa. Bila kipimo cha joto kinachokaa mwilini muda wote, mtoto aliyefungwa kanga mbichi ndani ya boti hupita nyuzi 33 akiendelea kushuka, na baridi hiyo inaua.

Ipo njia nyepesi zaidi. Tanzania, mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipoingizwa katika hospitali 8, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kazi yenyewe ni ya mikono: mkunga humkausha mtoto, humsugua mgongo, na asipopumua humvisha barakoa inayoziba pua na mdomo bila kuvuja, akaminya mfuko wa hewa ulioungwa nayo kama mara 40 kwa dakika huku akitazama kifua. Kifua kisipoinuka, anakiweka kichwa sawa na kurekebisha barakoa. Barakoa ya mtu mzima haifai, na mkunga asiyefanya mazoezi mara kwa mara husahau.

Sisemi mlango wa kupoza ufungwe. Hospitali ya rufaa ikipata chumba cha watoto wachanga chenye wauguzi wa kutosha usiku na mchana, suala hilo lirudi mezani. Bajeti ya mwaka huu ikinilazimu kuchagua, naanza na barakoa za watoto wachanga katika kila zahanati ya visiwani, mazoezi ya wakunga, na mafuta ya boti ya wagonjwa.