Bishana naye, lakini asikimbie baraza

Msimu wa korosho ukikaribia, barazani kwetu Tandahimba hakukosi ubishi wa stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada. Mimi naiunga mkono. Tangu ianze Mtwara msimu wa 2007/08, mzigo unapimwa kwa mizani, unakwenda ghalani, wanunuzi wanashindana mnadani. Kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi nje ya mfumo huo, ni unyonyaji tu: kipimo kinazidi kilo, bei ya kutupa, na mara nyingi korosho imeshauzwa ingali ua mtini.

Mjomba wangu anauza kangomba, wala hafichi. Wengine wakimwona tu wanamrushia, "Nyie ndio mnatuharibia bei!" Naye huvaa kandambili zake, huyoo. Hapo nani kajua lolote?

Mimi nilimuuliza kwa adabu kwa nini. "Mjomba," akaniambia, "kibarua wa palizi anataka hela mkononi. Mnada mpaka Oktoba. Watoto wale nini hapo katikati?" Nikamwambia angekopa chama cha msingi cha ushirika. Akacheka, akanikumbusha msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasotea malipo yao. Hapo sikuwa na la kumpinga. Kangomba bado naipinga, ila sasa tunabishania mkopo wa masika, si nani mwizi.

Adabu ninayoisema si ile ya "kijana, nyamaza, wakubwa wanaongea." Hiyo ni kuzibana midomo, na huku kwetu tunayo ya kutosha. Mjomba nilimkatalia machoni pake, naye akanikatalia.

Tunajua gharama ya kutosikilizana. Mwaka 2013, waliosema "gesi haitoki" waliitwa wapinga maendeleo, wakati swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: bomba la gesi yetu likienda Dar es Salaam, Mtwara tunabaki na nini? Waziri Mkuu Pinda alikuja kukaa na watu Januari, vurugu zikiwa zimeshatokea. Mwezi Mei zikarudi, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Siwatetei waliochoma. Ila mazungumzo yanayokuja baada ya moto yana kazi kubwa mno, maana kila upande umeshakuwa na maiti wa kumlilia.

Mjomba anasema stakabadhi ikimlipa walau nusu siku ileile ya kupima, kangomba anaiacha. Nimempelekea katibu wa chama hoja hiyo. Kasema haiwezekani. Nimemwomba aje barazani atueleze kwa nini, na mjomba awepo.