Jino Lateza: Ni Mfupa au Ni Ukoga?

Shangazi yangu aliteleza akiteremka kutoka darini, nyumbani kwake Mkomani, Lamu, na mkono aliojikingia ukavunjika kifundoni. Hakuanguka kutoka juu. Vilikuwa vidato viwili tu. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameshang'olewa meno manne ya chini, moja baada ya jingine, na kila mara alitwambia lilelile: "Jino lateza, mwanangu, ni uzee," yaani linacheza. Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, jirani mmoja aliyekuja kumpa pole akayafunga mambo mawili pamoja: mifupa ya bibi huyu imekwisha, ndiyo maana hata meno hayakushika. Jirani wa pili akamkatalia. Meno yale, alisema, yaliondoka kwa tambuu na tumbaku ya miaka na miaka, mifupa haina kesi hapo.

Ubishi ule sijausahau, kwa sababu wataalamu wa meno na wa mifupa wamekuwa nao wenyewe kwa miongo kadhaa, na kila upande una hoja nzito.

Nianze na upande wa mfupa. Jino halikushikwa na ufizi kama wengi tunavyodhani. Mzizi wake umezama ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba zinazoushikilia. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu ataliona jambo hili upesi: boriti ya mkoko imeingia ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, na ukuta ule ukianza kumung'unyuka, boriti hulegea hata kama yenyewe ni nzima. Mfupa nao ni kama tumbawe, una vitundu vingi ndani, tena uko hai. Kuna chembe zinazoubomoa na chembe zinazoujenga upya, siku zote, na mfupa unaozunguka meno ni miongoni mwa ile inayobomolewa na kujengwa kwa kasi zaidi.

Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, na chembe zinazobomoa huanza kuzishinda zinazojenga. Ugonjwa unaotokea huitwa osteoporosi: mfupa hupungukiwa na madini, vitundu vinapanuka, na anguko dogo linatosha kuuvunja. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wake. Mfupa wa mtu hulinganishwa na wa kijana mwenye afya, na alama ikifika -2.5 au chini ya hapo, huo ni ugonjwa. Kati ya -1 na -2.5, mfupa umepungua lakini haujafika huko.

Sasa, ikiwa mifupa yote ya mwili inapungua, kwa nini taya ipone? Mjini Buffalo, Marekani, watafiti waliwapima wanawake 1,341 waliokwisha kukoma hedhi, wakatazama mifupa ya mwili na pia urefu wa mfupa unaoyashika meno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wenye mifupa hafifu zaidi mwilini ndio walioelekea kuwa na mfupa wa taya ulioshuka zaidi. Ulaya nako, watafiti walipendekeza kwamba picha ya eksirei ya taya nzima ikionyesha ukingo mgumu wa chini una unene usiofika milimita 3, daktari wa meno ampeleke mgonjwa akapimwe mifupa. Yaani taya inaweza kutoa habari za nyonga.

Jirani wa kwanza, kwa hiyo, hakusema upuuzi.

Lakini boriti hulegea kwa njia nyingine pia: maji yakipenya pale inapoingilia ukutani. Ukuta mzima unaweza kuwa imara, ila pale penye tundu pameoza. Ugonjwa wa fizi ndivyo unavyofanya kazi. Ukoga usiposafishwa hujikusanya kwenye mpaka wa jino na ufizi, hugeuka mgumu kama jiwe, na vijidudu hujenga makao chini yake. Mwili unatuma askari wake kupigana navyo, na katika vita hivyo hutoka ujumbe unaoziamsha zile chembe zibomoazo mfupa. Kwa hiyo si vijidudu vinavyoutafuna mfupa wa taya moja kwa moja. Ni mwili wenyewe unaoubomoa, ukiukimbia uchafu. Na hili linaweza kumpata kijana wa miaka 35 mwenye mifupa ya chuma, ilhali bibi mwenye osteoporosi lakini kinywa kisafi anakaa na meno yake.

Upande huu wa pili una silaha nyingine, nayo naiona kali zaidi. Umri unadhoofisha mifupa, na umri unaongeza ugonjwa wa fizi. Tumbaku inaharibu vyote viwili. Kisukari vilevile. Ukimkuta mtu ana mifupa hafifu na meno yanayocheza, huenda hakuna kilichomsababisha mwenzake, ila vyote vimetoka kwenye shina moja. Wataalamu wa dunia walipokutana mwaka 2017 kuupanga upya ugonjwa wa fizi, waliyataja mambo mawili ya kutazamwa katika kukadiria kasi yake: uvutaji wa sigara na kisukari. Osteoporosi hawakuitia katika mizani hiyo. Kwa upande mwingine, hesabu ya FRAX, ambayo madaktari huitumia kukadiria hatari ya kuvunjika mfupa, inauliza umri, uzito, sigara, mvunjiko wa zamani, hata kama mzazi aliwahi kuvunjika nyonga. Haiulizi habari za meno.

Kuna tatizo jingine linalonisumbua mimi zaidi kuliko yote. Watafiti hupima meno yaliyobaki. Yaliyooza fizi kabisa yameshang'olewa. Mtu aliyepoteza meno kumi mabovu akabaki na manane mazima ataonekana ana kinywa kizuri kuliko yule ambaye bado anayo yote, mengine yakicheza. Kwetu, ambako wengi humwendea daktari wa meno siku ya kung'oa tu, kipimo cha namna hiyo kingetupotosha vibaya. Shangazi yangu, akipimwa leo, angepita.

Mizani yangu iliinama niliposoma habari za jaribio moja lililochapishwa mwaka 2007. Watu 335 wenye ugonjwa wa fizi waligawanywa: wengine walipewa alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isibomoke, wengine kidonge kitupu. Kwa jumla dawa haikuuokoa mfupa wa taya. Isipokuwa kwa kundi moja, wale ambao mfupa wa taya ulikuwa hafifu tangu mwanzo.

Nadhani hapo ndipo majirani wawili wangeweza kukaa baraza moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Kenya, wa mwaka 2015, uliwakuta watu wazima 98 kwa kila 100 fizi zao zinatoka damu. Ikiwa karibu sote tunatoka damu, basi chanzo hakiwezi kuwa mifupa hafifu. Chanzo ni ukoga. Lakini wengi wanaotoka damu hawafiki kupoteza meno, na wengine huyapoteza upesi sana. Hapo katikati, kwenye kasi, ndipo naiona nafasi ya mfupa. Ukoga huwasha moto, na udhaifu wa mfupa huenda ukaamua moto huo unakwenda mbio kiasi gani. Kwa hiyo vidonge vya kalsiamu haviwezi kutibu fizi ambayo haijasafishwa. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona kina mama wakivinunua kwa ajili hiyo hasa, huku ukoga wa miaka ukiwa mahali pake.

Lamu ina mambo yake katika habari hii. Tambuu yenye popoo, chokaa na tumbaku bado inaliwa, na mirungi inatafunwa usiku kucha. Tena, tumbaku ya kuvuta hupunguza damu katika fizi, mtu akadhani amepona kumbe imefichwa. Jua tunalo tele, lakini ngozi isiyofikiwa na jua haitengenezi vitamini D. Mama anayeshinda ndani, na akitoka amejifunika buibui, anaweza kupungukiwa nayo katika mji wenye jua la mwaka mzima. Siandiki kulaumu stara. Nyumba zetu za zamani zina kiwanda cha ndani, mahali pa faragha penye jua, na kukaa hapo mikono wazi kwa muda hakumvunjii mtu heshima yake.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zinakubaliana, na ndilo lililonifanya niandike. Dawa za mifupa, alendroneti na ndugu zake, pamoja na sindano ya denosumabu, zinaweza mara chache kuzuia taya isipone baada ya jino kung'olewa. Sehemu ya mfupa hufa na kubaki wazi mdomoni. Habari hii ilianza kuripotiwa mwaka 2003. Kwa mtu anayetumia vidonge vya osteoporosi hatari ni ndogo, chini ya mtu 1 kwa kila 1,000. Kwa mgonjwa wa saratani anayepewa dozi kubwa kwa mshipa ni kubwa zaidi. Hii si sababu ya kuzikimbia dawa hizo, maana nyonga iliyovunjika huua wazee wengi kuliko taya, na denosumabu ikiachwa ghafla inaweza kuleta mivunjiko ya uti wa mgongo. Ni sababu ya kupanga mambo: kinywa kwanza, dawa baadaye, pale inapowezekana.

Shangazi alipoandikiwa vidonge vya mara moja kwa wiki, hakuna aliyemfungua mdomo. Tulikuwa tumeshalipia dawa tulipokumbuka meno mawili ya pembeni yaliyokuwa yakicheza. Tukamrudia daktari, akakubali kusubiri. Daktari wa meno alikwangua ukoga, akang'oa moja, la pili akasema litashika likitunzwa. Tulingoja hadi kidonda kikafunga.

Sasa kila Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, anameza kidonge chake kwa bilauri nzima ya maji, tumboni hamna kitu, kisha anakaa wima dakani nusu saa kabla ya chai, kwa kuwa akilala kinaweza kumuunguza koo. Mkononi anao msuwaki. Tambuu ameiacha, ingawa kisanduku chake bado kiko pale pale, chini ya kitanda.