Bentham na adhabu iliyo mbali

Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, hutajwa kama mkana Mungu aliyetaka kupima raha kwa mizani, na mjadala huishia hapo. Hatendewi haki. Kitabu kilichotokana na maandishi yake, kikahaririwa na George Grote na kutoka 1822 kwa jina la bandia la Philip Beauchamp (Richard Carlile aliyekichapisha alikuwa tayari gerezani kwa kosa la kukufuru), hakihangaiki na kama Mungu yupo. Kinauliza swali la mtunga sheria: je, tishio la jehanamu humzuia mtu kutenda uovu?

Jibu limo katika vipimo alivyovitoa 1789. Maumivu hupimwa kwa ukali, muda, uhakika na ukaribu wake, na vingine vitatu. Adhabu ya akhera ni kali kuliko zote na haina kikomo, ila iko mbali, tena toba ya dakika ya mwisho yaweza kuifuta. Mwizi aliyeshika kitasa usiku huu haioni. Anayeiona ni mgonjwa mahututi, asiye hata na nguvu za kuinuka kitandani, sembuse kuiba. Tishio linamtesa asiyeweza kudhuru na kumpita anayeweza. Kuuongeza moto hakusaidii, kwa kuwa kasoro haiko kwenye ukali.

Mfano wake ni viapo. Oxford, alikoingia 1760 akiwa na miaka 12, iliwaapisha wanafunzi kushika kanuni ambazo kila mtu alijua hazishikwi. Hakuna aliyeadhibiwa wala kuaibishwa, basi jina la Mungu likitajwa peke yake halikuzuia kitu. Mahakamani, ambako uongo ulileta kifungo, watu walichunga ndimi. Kazi hufanywa na sheria na macho ya majirani. Dini hupewa sifa.

Upande wa pili una hoja nzito. Kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliyoundwa London 1787 ilikuwa na waanzilishi 12, na 9 walikuwa Waquaker, dhehebu la Kikristo ambalo magharibi mwa Kenya huitwa Marafiki. Sheria iliiruhusu biashara ile, na faida yake ilikuwa nono, basi si sheria iliyowasukuma kuipinga. Mfuasi wa Bentham atajibu kwamba tangu 1761 mkutano mkuu wa Waquaker ulimtenga yeyote aliyeifanya, na kutengwa ni macho ya majirani yaleyale. Ni kweli. Lakini kabla ya 1761 kuna Waquaker waliosimama mbele ya mikutano yao, miaka na miaka, wakiwaambia wenzao waliokuwa wakitajirika kwamba mtumwa naye anabeba nuru ya Mungu, na hapo hapakuwa bado na macho yoyote ya kuogopwa.