Upepo wa 1872 na mapaa ya bati ya Kojani

Tangu Kimbunga Hidaya kilipoipiga Mafia Mei 2024, swali limeingia hata katika mabaraza ya Pemba: je, wakaazi wa visiwa vidogo kama Kojani, kilicho kando ya Pemba, watakiwe kujenga nyumba za kuhimili kimbunga, au huko ni kuwatwisha gharama kwa jambo ambalo wao na wazazi wao hawajapata kuliona?

Wanaosema hakuna haja wana hoja, wala si hoja ya uvivu. Pemba iko karibu na nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupa upepo msokoto wake ni dhaifu, hivyo vimbunga ni nadra kufika. Tena mwenye fedha kidogo hukabiliana kwanza na yanayomjia kila mwaka, yaani mvua za masika na bamvua, yaani maji makuu ya bahari.

Lakini ushahidi wanaoupenda zaidi, kwamba Pemba ilinusurika 1872, ndio unaonitia shaka. Kimbunga cha Aprili mwaka ule kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuteketeza merikebu za Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, bandarini, ilhali Pemba haikudhurika sana. Karafuu ikaadimika, bei ikapanda, mikarafuu ikapandwa Pemba kwa wingi, na kisiwa kikashika nafasi ya kwanza kwa karafuu Zanzibar, ambayo hakijaiachia hadi leo. Habari hii husimuliwa kana kwamba Pemba ina hirizi. Mimi naisoma vingine: baina ya mashamba yaliyolala na yaliyosimama palikuwa na mkondo wa bahari wa takriban kilomita 50 tu. Unguja yenyewe iko kwenye nyuzi 6. Ukuta tunaoutegemea, basi, ni nyuzi moja.

Jambo la pili husahauliwa kabisa: hata kama upepo ni ule ule wa zamani, nyumba siyo ile. Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti ilikuwa dhaifu, lakini hasara yake ilibebeka. Makuti yakipeperuka, mengine husukwa, na majirani husaidiana kuezeka. Leo mvuvi wa Kojani hurudi kutoka dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na fedha kidogo kidogo, mwaka huu matofali, mwaka ujao mbao, baadaye bati, na nyumba inapokamilika huwa ndiyo akiba yake yote, wala hana bima ya kumrudishia kitu. Mara nyingi bati haling'oki peke yake. Pau, yaani mbao inayopigiliwa bati, likishikwa kwa msumari tu, bati huondoka nalo, huenda likamkata mtu, na huiachia mvua magodoro na magunia ya mchele yaliyomo ndani. Na Kojani, nyumba zimebanana mno kiasi kwamba paa la jirani ni hatari yako pia.

Watu hudhani upepo husukuma ukuta tu. Kwa kweli, unapopita juu ya paa jepesi hulivuta kwenda juu, na unapoingia chini ya upenu hulisaidia kunyanyuka. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndiyo maana paa lililovumilia upepo wa kusi miaka 20 halijathibitisha lolote kuhusu kimbunga.

Wanaohimiza tahadhari huitwa watisha watu, nami naona wamedhulumiwa, kwa kuwa wengi wao hawadai majumba ya zege. Wanataka vipande vya nondo viachwe vikichomoza juu ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya ukuta, vikunjwe juu ya boriti inayobeba kenchi, yaani fremu za mbao za paa, na misumari ya upande wa upenu ipigwe karibu karibu. Wakati wa ujenzi, hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi. Zege likishashika bila nondo hizo, itabidi ukuta utobolewe, na hapo ndipo wanaosema ni ghali huwa na haki.